Nyumba ni yake, lakini chumba umekilipia

Jumamosi moja ya mwezi Juni, uani kwetu Tandika, Dar es Salaam, makufuli mawili yalikutana kwenye mlango mmoja. Dogo la shaba lilikuwa la mpangaji, kijana anayekaanga chipsi kituoni. Kubwa jeusi, lililofungwa kwa mnyororo juu ya lile dogo, lilikuwa la mzee mwenye nyumba. Kijana alirudi saa nne asubuhi na gunia la viazi begani, akalitua, akautazama mlango, kisha akakaa juu ya gunia. Ndani kulikuwa na godoro, mtungi wa gesi, karai lake la kazi na sare za shule za mdogo wake.

Haikupita muda uani pakajaa wanasheria. Mama wa chumba cha mwisho alisema mpangaji hatolewi mpaka apewe miezi mitatu. Dereva wa bodaboda akasema mwenye mali haulizwi. Mwingine alikuwa na ujumbe kwenye simu ukieleza kwamba lipo baraza maalumu linaloweza kumpunguzia mpangaji kodi. Balozi wa nyumba kumi, alipofika na kandambili zake, akatangaza kwamba uamuzi angeutoa yeye, akishamaliza chai.

Hakuna aliyepatia. Wala siwalaumu, kwa sababu sheria za upangaji Tanzania Bara zimebadilika zaidi ya mara moja, na kila mtu ameshika kipande cha ile aliyoikuta alipoanza kupanga.

Maneno kwanza

Neno "kodi" lina mizigo miwili. Ipo kodi anayopokea mwenye nyumba, ambayo wanasheria huiita kodi ya pango, na ipo kodi inayokwenda serikalini. Kuzichanganya kuna gharama. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo, ambayo ni deni la mmiliki kwa serikali, inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwenye ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo akiona uniti zimekuja pungufu mwanzoni mwa mwezi anadhani ameibiwa na TANESCO, kumbe amemlipia mwenye nyumba. Ana sababu nzuri ya kuomba fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na kwenye nyumba ya vyumba sita vyenye mita moja ni shilingi 250 kwa kila chumba kwa mwezi. Ni kiasi cha andazi, lakini nimeona watu waliosalimiana miaka mingi wakinuniana kwa ajili yake.

"Mkataba" nao watu huudhani kuwa ni karatasi. Mkataba ni makubaliano. Karatasi ni ushahidi wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa hata kwa mdomo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema "huyu hana mkataba na mimi" huku akipokea hela kila mwisho wa mwezi anajidanganya. Mkataba upo. Wanachokosa wote wawili ni namna ya kuuthibitisha siku wakigombana.

Halafu "notisi". Hii ni taarifa kwamba upangaji utakoma siku fulani. Haimpi mtu ruhusa ya kwenda kufunga mlango siku hiyo ikifika.

Kiti cha daladala

Mzozo wa makufuli unatokana na jambo moja: kuona umiliki wa nyumba na haki ya kukaa ndani yake kuwa kitu kimoja. Fikiria daladala. Gari ni la tajiri wake, na hakuna abiria anayebisha. Lakini ukishalipa nauli ya Mbagala hadi Kariakoo, kile kiti ni chako mpaka Kariakoo. Tajiri akipanda njiani hawezi kukuinua akae shemeji yake, na wewe huwezi kuuza kiti wala kung'oa kitambaa chake. Gari likifika mwisho wa ruti unashuka.

Mfano huu una mahali unapoishia, na ni hapo watu wanapoponzeka. Abiria asiyelipa nauli, konda humshusha papo hapo. Mpangaji asiyelipa hashushwi na konda. Chumba ni makazi, kuna watoto wamelala na chungu kiko jikoni, ndiyo maana sheria imeweka watu maalumu na hatua maalumu za kumtoa mtu nyumbani. Mwenye nyumba anaweza kuwa na haki kabisa ya kukitaka chumba chake na bado akawa mkosaji kwa namna alivyokitwaa.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpangaji siku zake alizinunua. Siyo mgeni wa kuvumiliwa, na jembe halimhusu.

Sheria ya Ardhi inaweka ahadi ndani ya kila upangaji, hata kama hamkuzitaja. Kwa upande wa mwenye nyumba, ya kwanza ni kumwacha mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa na kutimiza yake. Kuzima umeme makusudi, kung'oa bati ili mvua ifanye kazi ya dalali, kutoa bawaba za mlango, kuingia chumbani mpangaji akiwa kazini: yote hayo ni kuvunja ahadi hiyo. Kukagua nyumba yake anaruhusiwa, ila kwa taarifa na kwa saa ya kiungwana. Anatakiwa pia kukabidhi nyumba inayofaa kuishi binadamu, na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo ya wote kama choo cha uani viko mikononi mwake. Nyumba ikiungua au ikibomolewa na mafuriko bila kosa la mpangaji, kodi husimama mpaka ikalike tena.

Mpangaji naye ana zake. Alipe kwa wakati, atunze chumba, asimpangishe mtu mwingine bila ridhaa, na akiondoka akiache kama alivyokikuta, ukitoa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu. Shimo la ukubwa wa ngumi ukutani si uchakavu, na kukatwa dipoziti kwa ajili yake ni halali kabisa.

Hesabu ya kijana wa chipsi

Kijana alikuwa akilipa shilingi 70,000 kwa mwezi, kwa mafungu ya miezi mitatu, yaani 210,000. Fungu la mwisho liliisha tarehe 31 Mei. Tarehe 3 Juni alimtumia mzee 70,000 kwa simu, na mzee akajibu: "Nimepata, malizia hiyo ya miezi miwili." Biashara ilikuwa mbaya, hakumalizia. Tarehe 14 mzee akaleta mnyororo.

Mzee aliamini amemfungia mdaiwa, na hapo ndipo alipopotea. Mpangaji anapobaki baada ya muda wake kwisha, kwa ridhaa ya mwenye nyumba, na kodi ikaendelea kupokelewa, upangaji hugeuka kuwa wa mwezi kwa mwezi. Na Juni ilikuwa imelipwa. Chumba kilichofungwa tarehe 14 kilikuwa kimelipiwa mpaka tarehe 30, na ujumbe wa "nimepata" ulikuwa bado umo kwenye simu.

Mzee alikuwa na haki ya kukataa utaratibu wa mwezi mmoja mmoja na kumwambia kijana ahame. Kwa upangaji wa aina hii, notisi haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi cha kodi, na mwisho wake uangukie mwisho wa kipindi. Mwezi kwa mwezi, basi notisi ni mwezi. Angeiandika tarehe 14 Juni, mwezi ungetimia katikati ya Julai, kwa hiyo kijana angetakiwa kutoka tarehe 31 Julai. Ile miezi mitatu ya mama wa chumba cha mwisho haipo, isipokuwa kama mliiandika wenyewe kwenye mkataba. Sharti hili linamhusu mpangaji pia: anayehama usiku na kirikuu bila kuaga anaweza kudaiwa mwezi wa notisi.

Na kama mpangaji kweli hajalipa? Mwenye nyumba huanza na taarifa ya maandishi inayotaja kosa na kumpa nafasi ya kulirekebisha. Akipuuza, shauri linakwenda kwenye chombo chenye mamlaka, yaani baraza la ardhi nitakalolieleza mbele. Kikitoa amri, anayekuja kutoa vyombo ni dalali wa mahakama au wa baraza, si vijana wa kijiweni waliopewa elfu kumi. Mwenye nyumba anayeruka hatua hizo anaweza kujikuta yeye ndiye anadaiwa fidia, kwa chumba ambacho angekipata kihalali wiki chache mbele. Na televisheni ya mpangaji haiwi ya mwenye nyumba kwa sababu tu kuna deni.

Imani zinazoponza pande zote

Wapangaji wengi huamini kwamba bati likivuja unaweza kuacha kulipa kodi mpaka litengenezwe. Hapa napingana na wapangaji wenzangu. Kuvuja ni kosa la mwenye nyumba, kutolipa ni kosa lako, na baraza likikaa litaona makosa mawili badala ya moja. Njia salama ni kumjulisha kwa maandishi, hata ujumbe wa simu wenye picha ya ndoo katikati ya chumba, kisha mkubaliane: utatengeneza wewe na kukata kwenye kodi, au atatengeneza yeye kufikia siku fulani. Akikubali, hifadhi jibu lake. Akikataa, una kitu cha kwenda nacho mbele.

Imani ya pili ni kwamba serikali imepanga viwango vya kodi au imepiga marufuku kudai miezi sita. Ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 pamoja na mabaraza yake ya nyumba, na wazee wanaolikumbuka "Baraza la Nyumba" hawaoti. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Viongozi wameshazungumza mara kadhaa kuhusu kuwazuia wenye nyumba kudai kodi ya mwaka mzima, lakini kauli ya jukwaani haijawa kifungu. Kodi ni ile mliyokubaliana. Kwa hiyo kupandisha kodi si kosa. Kosa ni kuipandisha katikati ya kipindi kilicholipiwa. Umelipa hadi Desemba, bei mpya ianze Januari.

Ule ujumbe wa simu kuhusu baraza la kupunguza kodi niliuomba nikausoma. Ulikuwa wa Kenya. Wenzetu wana baraza la kudhibiti kodi za nyumba, lakini linahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 za huko, kiwango kilichowekwa miongo mingi iliyopita. Hata mpangaji wa Nairobi leo atahangaika kuipata nyumba hiyo. Zanzibar nako wana sheria zao za ardhi na chombo chao cha kusikiliza migogoro. Kabla ya kusambaza ushauri wa kisheria, tazama umetoka ng'ambo ipi.

Kuna pia nyumba kuuzwa. "Mimi ndiye mwenye nyumba mpya, nataka tupu Ijumaa." Anayenunua nyumba yenye wapangaji hununua na ahadi zake. Kama umelipa miezi sita na umetumia miwili, minne inabaki yako, na mnunuzi amalizane na aliyemuuzia.

Kigumu kuliko vyote ni mwenye nyumba kufariki. Arobaini haijaisha, mtoto mkubwa anakuja kudai kodi. Jioni anakuja dada yake na kusema usimpe kaka, mlevi. Wiki ijayo anatokea mama mdogo kutoka Morogoro. Mpangaji analipa mara mbili kwa kuogopa, au halipi kabisa kwa kutumia mwanya. Yote mawili ni mabaya. Mwenye mamlaka ya kukusanya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na anayo barua ya uteuzi. Mwombe uione kwa heshima zote, na pole uitangulize. Kabla hajapatikana, ieleze familia mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba fedha unaitenga, na uitenge kweli. Nimewahi kuiona familia ikipatana haraka sana ilipogundua kwamba wapangaji wote wanne wamesema neno hilo hilo.

Ngazi za kupanda

Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama cha siasa. Anaweza kupatanisha kama mzee yeyote anayeheshimika, lakini hana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni kiongozi wa serikali na mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa sababu anawajua wote wawili na ofisi yake ina daftari. Naye si hakimu.

Ngazi ya kisheria ya kwanza ni Baraza la Kata. Mwaka 2021 mamlaka yake yalibadilishwa na wengi hawajapata habari: siku hizi baraza hilo halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba, linasuluhisha tu. Lina siku 30. Mkipatana, yameisha. Mkishindwana linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na ndipo unaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlango wa wilaya hauzibwi. Huko yupo mwenyekiti mwanasheria pamoja na wazee wa baraza, na huko ndiko amri ya kumtoa mpangaji, au ya kumzuia mwenye nyumba asimtoe, hupatikana. Juu yake kuna Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, lakini kwa chumba cha 70,000 ukifika huko basi mnagombania heshima.

Polisi je? Kutolipa kodi ni madai, si jinai, kwa hiyo mwenye nyumba anayempeleka mpangaji kituoni "akanyooshwe" amekosea mlango. Ila vyombo vikivunjwa, vikiibwa au mtu akipigwa, hayo ni ya polisi hata kama chanzo chake ni kodi.

Wakili si lazima katika hatua za mwanzo. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na Dar es Salaam mashirika kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanawake Wanasheria Tanzania) yanasaidia wasio na uwezo. Nenda na vitu, usiende na hasira. Wajumbe wa baraza huuliza: ulilipa lini, kwa njia gani, alijibu nini. Malipo ya simu yana faida kubwa kuliko ya mkononi, hasa ukiandika "kodi ya Juni" wakati wa kutuma. Ukilipa taslimu omba saini, hata kwenye daftari la mtoto. Siku ya kuingia, piga picha kuta, dari na mita.

Kuhusu mikataba ya maandishi, muhuri wa serikali ya mtaa unaothibitisha saini zenu si sawa na ushuru wa stempu. Huo unalipwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, asilimia moja ya kodi ya mwaka, na mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na faini. Kwa kodi ya 70,000 kwa mwezi ni shilingi 8,400. Watu wachache sana hulipa, na wachache zaidi wanajua kwamba upo.

Yule kijana alilala kwa rafiki yake usiku mbili. Jumatatu asubuhi wote wawili walikaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, mzee na kofia yake magotini. Mwenyekiti aliusoma ule ujumbe wa "nimepata", akamrudishia kijana simu, akamuuliza mzee: "Sasa Juni ulimfungia ya nani?" Mzee alinyamaza, kisha akasema alichokuwa anakiogopa hasa: mpangaji aliyepita alikaa miezi mitano bila kulipa akatoroka na swichi za ukutani. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na kijana alikiri kwamba angempigia simu mapema asingefika huko.

Waliandika kwenye karatasi ya kaunta buku: kodi mwezi kwa mwezi, ilipwe kabla ya tarehe 5, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Nakala tatu. Mdogo wake alikuwa ameshakosa siku moja ya shule. Kufuli jeusi mzee alilibeba jioni hiyo hiyo, mnyororo akausahau kwenye komeo, na kijana hufungia toroli lake la viazi kwa mnyororo huo mpaka leo.